Elimu Mbili Katika Kifua Kimoja: Funzo kwa Wanafunzi wa Mbeya na Iringa

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, swali moja hurudi katika nyumba za Waislamu wa Mbeya na Iringa. Kijana wa kiume au wa kike, aliyekaa madrasa tangu utotoni, sasa anataka kuingia chuo kikuu. Akisema kwamba atasoma Jiografia huku akiendeleza Kiarabu, au Hisabati huku akiendelea na darsa la mirathi, baadhi ya ndugu humwambia kuwa anapoteza muda wake kwa kitu kisichompa ajira. Wengine humwambia kuwa ameanza kuiweka dini pembeni. Makundi haya mawili yanabishana, lakini msingi wao ni mmoja: kwamba elimu mbili zisizofanana hazikai katika kifua kimoja. Na wote hutumia methali ile ile, kwamba mshika mbili moja humponyoka.

Makala hii inautazama msingi huo kwa jicho la historia na fiqhi. Tutaona kwamba katika mambo kadhaa ya dini yetu, mtu mwenye elimu moja tu hawezi kuikamilisha hata hiyo moja.

Hali ilivyo katika vyuo vyetu

Kwa watu wa pwani neno "chuo" lilikuwa ni pale mtoto anaposomea Qur'ani. Leo tukisema chuo hapa Nyanda za Juu Kusini, akili inakwenda kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, au Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kule Iringa, kilichoanzishwa mwaka 2005 pale ilipokuwa sekondari ya Mkwawa. Neno limebaki moja ila tumeligawa mafungu mawili, na katika kuligawa tumewagawa pia watoto wetu.

Lakini mfumo wenyewe wa nchi haumlazimishi kijana ajifunge na somo moja. Anayesomea ualimu wa sekondari katika chuo kama Mkwawa huchukua masomo mawili ya kufundishia. Mwaka 2024 tahasusi za kidato cha tano na cha sita ziliongezwa kutoka 16 hadi 65, na miongoni mwake yapo mafungu yenye elimu ya dini. Na ukishuka kwa barabara kuu iendayo Dar es Salaam utakikuta Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, ambako sheria za nchi na Sharia hufundishwa katika kitivo kimoja. Mlango basi uko wazi, na kilichobaki ni kujua namna ya kuuingia.

Zayd bin Thabit (r.a.)

Tuanze na sahaba. Zayd bin Thabit (r.a.) alikuwa kijana mdogo wa Madina Mtume (S.A.W.) alipomwamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi, ili barua zao zisomwe na zijibiwe na mtu mwaminifu. Katika riwaya ya Tirmidhi imekuja kuwa alijifunza kwa muda wa nusu mwezi. Huyu ndiye yule yule aliyekuwa mwandishi wa wahyi, ndiye Abubakar (r.a.) aliyemkabidhi kazi ya kuikusanya Qur'ani, na ndiye aliyesifiwa kuwa mjuzi zaidi wa mirathi miongoni mwa sahaba.

Tazama alivyokusanya mambo yaliyo mbali mbali: maandishi ya watu wengine, Qur'ani, na hesabu za mafungu ya warithi. Lugha ya kigeni haikumpunguzia Qur'ani yake. Na wala hakuambiwa kuwa kujifunza kilicho kwa watu wasio Waislamu ni kuwafuata. Hili ni jibu kwa mzazi anayesita kumpeleka mwanawe katika vyuo vya mikoa hii vinavyoendeshwa na makanisa, kama Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji cha Mbeya au Chuo Kikuu Katoliki Ruaha cha Iringa. Cha kuangalia ni kijana amekwenda na nini moyoni na atarudi na nini mkononi.

Mirathi haitimii bila hesabu, wala bila kuijua ardhi

Zama za Khalifa al-Ma'mun (alitawala 813 hadi 833), mjini Baghdad, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha al-jabr, ambacho kimeipa dunia neno aljebra. Wengi wanaotaja kitabu hicho hawajui kwamba sehemu yake kubwa ni masuala ya wasia na mirathi. Hesabu na fiqhi zilikaa ndani ya jalada moja. Fiqhi ilileta maswali magumu, na hesabu ikapata sababu ya kukua.

Tuchukue mfano wa huku kwetu. Mtu amefariki, ameacha mke, mama, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike, na shamba la ekari 12. Mke ana thumni (1/8), mama ana sudusi (1/6), na kinachobaki ni cha watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Asili ya mas-ala ni 24: mke 3, mama 4, zinabaki 17. Lakini 17 haigawanyiki kwa vichwa 5, basi tunaipandisha asili kwa kuzidisha 24 kwa 5, tunapata 120. Mke atapata 15, mama 20, kila mtoto wa kiume 34 na wa kike 17. Katika ekari 12 ni sawa na ekari 1.5 kwa mke, 2 kwa mama, 3.4 kwa kila mtoto wa kiume na 1.7 kwa binti.

Mwanafunzi mzuri wa madrasa atafika hapa na kufunga daftari. Lakini je, mas-ala yamekwisha? Shamba la Iringa si karatasi. Huku juu ni mteremko wenye mawe, kule bondeni ni vinyungu ambavyo hulimwa hata kiangazi kwa sababu ya unyevu wake. Ekari moja ya kinyungu hailingani na ekari moja ya mlimani. Ukimkatia binti ekari 1.7 za mawe na kaka zake ukawapa bonde, kwenye karatasi hesabu itakuwa sahihi, na juu ya ardhi itakuwa dhulma.

Mafaqihi wetu wa Shafi walilijua hili. Katika mlango wa kugawa mali iliyoshirikiwa wametaja ugawaji wa namna tatu: wa vipande vinavyolingana, wa kusawazisha kwa thamani, na wa kurudishiana tofauti kwa mali nyingine. Na Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kilichosomwa pwani yetu vizazi na vizazi, ameweka sharti kwamba mgawaji anayeteuliwa na mtawala awe mwadilifu na awe anajua upimaji wa ardhi na hesabu. Kwa hiyo kijana anayesoma upimaji, kilimo au Jiografia na huku anaijua faraidh, hakuchanganya vitu visivyohusiana. Amekamilisha sharti ambalo faqihi mwenyewe ameliweka.

Kibla na saa ya kufuturu

Mfano wa pili uko karibu zaidi na kila Muislamu wa mikoa hii. Mtu wa Dar es Salaam akisimama kuswali, kibla chake kiko karibu sawasawa na kaskazini, kikiegemea mashariki kwa takriban digrii 1 tu. Kwa Iringa kibla kinaegemea mashariki ya kaskazini kwa takriban digrii 8, na kwa Mbeya kwa takriban digrii 12. Mtu akija Mbeya na mazoea ya pwani, akaelekea kaskazini moja kwa moja, uso wake utakuwa umeelekea jangwa la kaskazini ya Sudan, zaidi ya kilomita 600 magharibi ya Makka.

Wanazuoni wamekhitalifiana kama anayeswali mbali na Makka anatakiwa kuilenga Al-Kaaba yenyewe au inatosha kuelekea upande wake. Wengi wamesema upande unatosha, na kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi ni kuilenga kwa kadiri ya dhana yenye nguvu. Vyovyote iwavyo, anayejenga msikiti mpya huko Uyole au Mafinga hana udhuru wa kukisia ilhali elimu ipo. Nawawi ametaja katika Minhaj hiyo hiyo kwamba mwenye uwezo wa kujifunza dalili za kibla, kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa kujifunza ni wajibu kwake.

Na njia rahisi ipo. Kila mwaka jua husimama juu kabisa ya Makka mara mbili, tarehe 27 au 28 Mei saa 6:18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai saa 6:27 mchana. Saa za Makka na za Tanzania ni moja, kwa hiyo hakuna haja ya kubadilisha. Simamisha mti ulionyooka mahali pa wazi dakika ile ile, na upande ulio kinyume cha kivuli ndio kibla.

Hali ni hiyo hiyo kwa nyakati. Jua linapita juu ya Dar es Salaam kabla ya kufika Iringa kwa takriban dakika 14, na kabla ya kufika Mbeya kwa takriban dakika 23. Magharibi ya Mbeya huchelewa kuliko ya Dar es Salaam kwa baina ya dakika 20 na 27, kutegemea msimu. Mtu wa Mbeya akifuturu kwa adhana ya redio inayotoka Dar es Salaam, amekula jua likiwa bado mbinguni, na kwa madhehebu yetu analazimika kuilipa siku hiyo hata kama alidhani limezama. Nani atawaambia watu hili? Mwenye fiqhi peke yake anajua hukumu lakini huenda asijue dakika. Mwenye Jiografia peke yake anajua dakika lakini hajui kwamba kuna saumu inayobatilika.

Ndiyo maana miji ya Kiislamu iliweka kazi ya muwaqqit, yaani mtaalamu wa nyakati anayekaa msikitini. Ibn al-Shatir wa Damascus, aliyefariki mwaka 1375, alikuwa muwaqqit wa Msikiti wa Banu Umayya. Saa ya jua aliyoitengeneza kwa ajili ya mnara wa msikiti huo ni ya mwaka 773 Hijria. Alikuwa mtu wa msikiti na mtu wa falaki, na hesabu zake za mwendo wa mwezi zinafanana na zile alizokuja kuzitumia Copernicus baada ya zaidi ya karne moja.

Wanazuoni wawili wa Shafi katika karne moja

Hapa mwenye kupinga ana hoja yenye uzito, na ni haki aisikilizwe. Atasema: Imam Nawawi (631 hadi 676 Hijria) mwenyewe alijaribu kusoma tiba. Mwanafunzi wake Ibn al-Attar amesimulia kutoka kwake kwamba alinunua kitabu cha Qanun cha Ibn Sina, kisha akahisi kiza moyoni na siku zikapita hawezi kushughulika na chochote, mpaka alipokiuza na kuvitoa vitabu vya tiba nyumbani mwake, nuru ikamrudia. Je, hii si dalili kwamba elimu mbili haziendi pamoja?

Tunajibu kwamba kisa hicho kimethibiti na kina funzo, lakini tukisome kamili. Kijana huyo alikuwa akisoma masomo 12 kila siku mbele ya mashekhe zake. Tiba ilikuja juu ya mzigo uliokwisha kujaa. Na karne hiyo hiyo aliishi Shafi mwingine, Alauddin Ibn al-Nafis, aliyesoma tiba Damascus kisha akahamia Cairo. Huko alikuwa tabibu mkubwa, na wakati huo huo akifundisha fiqhi ya Shafi katika madrasa ya Masruriyya. Tajuddin al-Subki amemtaja katika tabaka za mafaqihi wa Shafi. Katika sherehe yake ya mlango wa maumbile ya mwili wa Qanun ile ile, Ibn al-Nafis alikataa kauli ya Galen na Ibn Sina kwamba damu hupenya kutoka upande mmoja wa moyo hadi wa pili kupitia vitundu visivyoonekana. Akaeleza kwamba damu hupita mapafuni, ikachanganyika na hewa, ndipo ikarudi moyoni. Ulaya jambo hilo lilichapishwa na Servetus mwaka 1553, karne tatu baadaye. Na mwaka 1924 daktari wa Kimisri, Muhyiddin al-Tatawi, aliigundua nakala ya mkono ya sherehe hiyo mjini Berlin.

Hatudai kwamba fiqhi ndiyo iliyomfunulia njia ya damu. Lakini mtu aliyezoea katika darsa la fiqhi kuuliza "dalili iko wapi?" hata kwa kauli ya imamu mkubwa, si ajabu akauliza vivyo hivyo mbele ya Ibn Sina. Alipofariki mwaka 1288 aliiachia hospitali ya Mansuri nyumba yake na vitabu vyake.

Basi Qanun moja, madhehebu moja, karne moja: mmoja aliiuza na mwingine akaisherehesha, na Umma umenufaika na wote wawili. Funzo ni kwamba mtu apime kifua chake. Hakuna katika kisa cha Nawawi hukumu ya kumkataza mwingine, na tumekwisha kuona kwamba ni yeye aliyesharutisha upimaji na hesabu. Naye Imam Ghazali kabla yao aliihesabu tiba na hesabu kuwa ni fardhi kifaya, na akalalamika kwamba watu wa miji wanasongamana katika fiqhi ilhali mji hauna tabibu Muislamu.

Elimu ya pili na heshima ya mwanachuoni

Faida nyingine haizungumzwi sana misikitini, nayo ni riziki. Imam Abu Hanifa (aliyefariki 150 Hijria) alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa vya hariri mjini Kufa. Al-Qaffal al-Marwazi, nguzo ya Shafi huko Khurasan, alikuwa fundi wa makufuli mpaka akakaribia miaka 30 ndipo akaanza fiqhi, na jina lake lenyewe ni la kazi yake. Watu hawa hawakuwa na haja ya kuipinda fatwa ili wale.

Afrika Mashariki tunao Sayyid Ahmad bin Sumait (1861 hadi 1925), aliyezaliwa Ngazija, akawa nahodha wa chombo katika ujana wake, kisha akawa kadhi mkubwa wa Zanzibar. Tunaye pia Sheikh Abdulla Saleh Farsy (1912 hadi 1982), aliyesomea ualimu Zanzibar, akafundisha na kukagua shule, na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Tafsiri yake kamili ya Qur'ani kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1969. Anayeisoma anauona mkono wa mwalimu wa shule: maelezo mafupi, lugha ya watu, na kumfikiria asiyejua Kiarabu.

Turudi Nyanda za Juu. Imamu wa kijijini anayetegemea sadaka ya Ijumaa peke yake ana shida ya kumwambia tajiri wa kijiji kwamba amemdhulumu dada yake mirathi. Lakini imamu ambaye ni bwana shamba, mwalimu wa Hisabati au fundi wa umeme, anaweza kusema haki na bado akala jioni. Tena shuleni walimu wa somo la dini huletwa na taasisi za dini zenyewe, na shule nyingi za mbali hazina mtu. Mwalimu aliyeajiriwa kwa Kemia na Bayolojia, akiwa na Kiarabu na fiqhi yake, anaweza kukaa na wanafunzi Waislamu katika kipindi cha dini bila ya kijiji kutafuta nauli ya ustadhi kutoka mjini.

Na katika sheria haja ni kubwa zaidi. Tangu miaka ya 1960 Tanzania Bara haina mahakama ya kadhi yenye nguvu ya dola. Shauri la mirathi ya Muislamu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ambayo ina mamlaka ya kutumia sharia ya Kiislamu. Mjane anayesimama pale anahitaji mtu anayejua utaratibu wa mahakama na anayejua pia kwamba thumni yake haiwezi kufutwa na kikao cha ukoo.

Masharti ya jambo hili

Tusiseme haya yote kisha kijana akabeba kila kitabu anachokiona. Kwanza, fardhi aini hutangulia: asiyejua twahara na swala yake asijisifu kwa elimu ya pili. Pili, moja katika elimu hizo iwe na mwalimu na mizizi, kwani anayeonja mbili bila kuzama hata moja ndiye anayesemwa na ile methali. Tatu, aangalie haja ya watu wake kabla ya kuchagua. Nne, wazazi na misikiti wamsaidie kwa wakati: darsa liwekwe jioni au siku za mwisho wa juma, lisigongane na vipindi vya chuo mpaka kijana alazimike kuacha moja.

Hitimisho

Mshika mbili humponyokwa na moja pale anaposhika mbili kwa mkono mmoja. Zayd, Ibn al-Nafis na Farsy walishika kila moja kwa mkono wake. Kijana wa Mbeya au Iringa anayesoma Kiarabu na Jiografia asionekane amegawanyika. Huenda yeye ndiye atakayeuweka sawa mhirabu wa msikiti wetu ujao, na ndiye atakayempa binti yatima kipande chake cha kinyungu.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuzidishie elimu yenye manufaa na atujaalie kuifanyia kazi. Wallahu a'lam.